SITI BINTI SAAD, MWANAMKE WA UDI NA FIDLA

Sisi wa Birongo tukisikia arusi tunafikiria obokano, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane. Huko Unguja arusi yenye heshima ilitaka vyombo viwili vya nyuzi: udi, ambao hupigwa kwa kudonoa nyuzi, na fidla, ambayo husuguliwa kwa uta. Mbele ya nyuzi hizo alikaa hayati Siti binti Saad.

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, mnamo mwaka wa 1880. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa! Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali huko, ulipigwa marufuku mwaka wa 1897. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake Mzigua, na hali ya nyumbani ilikuwa ya kubangaiza tu. Mama alifinyanga vyungu, naye binti akavitembeza akinadi kwa sauti. Shule hakwenda, lakini kumbe kule kunadi vyungu kulikuwa kunamkomaza koo.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko Muhsin Ali, mwanachama wa chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa, akamsikia na kumfundisha kuimba kwa Kiarabu na kufuata udi. Kabla ya hapo taarabu ilikuwa mambo ya jumba la Sultani na ya wanaume, tena ya Kiarabu kitupu. Mtu wa kawaida alisikia utamu asijue kinachosemwa! Siti akaja akaimba Kiswahili. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, na sisi wa Chama cha Kiswahili tuna deni kwake.

Akawa na kundi lake. Alikuwamo Subeti Ambari aliyepiga udi, na Mbaruku, kipofu kutoka Mombasa. Waliitwa arusini, waliitwa kwa matajiri, hata kwa Sultani. Jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima, alipewa huko huko ukubwani. Wapinzani hawakukosa. Walimwimba eti hana sura wala nasaba, mwuza vyungu huyo anatafuta nini mjini? Yeye hakutukana. Alijibu kwa wimbo kwamba uzuri na ukoo si kitu, kitu ni akili. Mji mzima ukaushika wimbo huo.

Mwaka wa 1928 walipanda meli hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Santuri zikasambaa pwani na bara, watu wakajazana mikahawani kuzisikiliza.

Lakini nyimbo zake hazikuwa za mapenzi matupu. Kulikuwa na mtu aitwaye Kijiti aliyemuua mwanamke mja mzito, mgeni kutoka Dar es Salaam. Kijiti akavuka bahari akatorokea Tanganyika. Basi mahakama ikafanya nini? Ikawahukumu wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu ngomani, wale wale waliokwenda kutoa ushahidi! Magazeti ya maskini hayakuwapo, na mwanamke wa Ng'ambo angemlalamikia nani? Siti akaliimba jambo hilo waziwazi, na jina la mwuaji akalitaja. Hakimu alikuwa na kalamu na askari, Siti alikuwa na udi na fidla, na mpaka leo kesi hiyo tunaijua kwa sababu ya wimbo.

Siku zake za mwisho alitembelewa na Shaaban Robert, ambaye baadaye aliandika kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Bi Kidude, aliyejifunza kwake, aliendelea kuziimba nyimbo zake hadi alipofariki mwaka wa 2013.