Léopold wa Pili na mji wake wa bahari

Jina la Léopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, tunalijua wote toka masomo ya primeri. Mambo ya mpira na mikono iliyokatwa, wazee walituhadisia. Lakini ku shantie wachache wanajua feza iliyotoka huku ilienda kulala wapi. Sehemu moja tunaweza kuifuata mpaka Ostende, mji wa Ubelgiji kando ya bahari, mahali watu wanaenda konji.

Alizaliwa Brussels tarehe 9 Aprili 1835. Familia yake ilikuwa inapitisha siku za joto Ostende, na ni pale mama yake, malkia Louise-Marie, alikufa mwaka wa 1850. Mtoto alikuwa na miaka 15. Wakati huo Ostende ulikuwa mji wa wavuvi wenye kuzungukwa na kuta za vita, hata kama gari la moshi lilikuwa limekwisha kufika toka 1838. Léopold alipoingia ufalme, Desemba 1865, alitaka ule mji uwe mahali pa matajiri wa Ulaya yote. Kuta zikabomolewa, barabara pana zikapitishwa kando ya maji, naye akawa na chalet yake juu ya mchanga. Uwanja wa mbio za farasi, Wellington, ulifunguliwa 1883. Toka 1894 treni ya kifahari ilikuwa inaunganisha Ostende na Vienna, na mwaka wa 1899 ikafunguliwa Royal Palace Hotel, hoteli kubwa ajabu kwa wakati ule.

Sasa, Ubelgiji ni nchi ndogo, na Parlema ilikuwa inamhesabia mfalme kila franga. Njo maana alitafuta koloni yake mwenyewe. Mwaka wa 1885, nyuma ya mkutano wa Berlin, akapata Etat Indépendant du Congo, ni kusema nchi yetu yote, kama mali ya mtu mmoja. Hakukanyaga hapa hata siku moja. Sheria yake ilikuwa fupi: udongo wowote ambao hauna shamba wala nyumba ni wa leta, pamoja na mpira na pembe za tembo. Mchimbaji anaielewa hii bila mwalimu. Unalala juu ya mali, karatasi iko kwa mtu mwingine.

Kila kijiji kilipangiwa mpira wa kutoa. Kikikosa, askari wa Force publique wanafunga wanawake, wanachoma nyumba, wanaua. Mwaka wa 1896 mfalme alijitengea Domaine de la Couronne, pori kubwa kuliko Ubelgiji mara nyingi, upande wa ziwa Mai-Ndombe. Faida ya kule haikupita mbele ya Parlema. Ilienda kwa majengo aliyoyapenda.

Kwa Ostende alimwita mjenzi Mfaransa, Charles Girault. Kati ya 1902 na 1906 zikajengwa Galeries royales: baraza lenye kufunikwa, urefu karibu mita 400, na nguzo za mawe moja nyuma ya ingine, ili mtu atoke kwa chalet ya mfalme mpaka ku mbio za farasi bila kulowana. Mita mia nne, wandugu, kwa sababu ya mvua! Na ni katikati ya kazi ile, mwaka wa 1903, dhahabu ilivumbuliwa Kilo, kule Ituri.

Leo Code minier ya 2018 inasema kwamba 15% ya redevance inarudi kwa entité ambamo mgodi unachimbwa, mfano sekta kama yetu ya Beni-Mbau. Tuwe na desturi ya kuuliza: imeingia ngapi, imejenga nini, wapi. Wakati wa Léopold hakukuwa na mtu wa kuulizwa.

Raporo ya Roger Casement ilitoka 1904. Mfalme akatuma tume yake mwenyewe, nayo ikakuta maovu yale yale. Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ikachukua Kongo. Mbele ya kuiachilia, makaratasi ya leta yake yalichomwa Brussels kwa siku 8. Alikufa tarehe 17 Desemba 1909.

Mwaka wa 1933 hoteli ingine, Thermae Palace, ilifunguliwa katikati ya zile Galeries, na mpaka leo jengo lake linatazama bahari. Hapo karibu kuna sanamu ya mfalme juu ya farasi, iliyosimamishwa 1931. Chini yake walichonga wavuvi wa Ostende upande mmoja, na Wakongomani upande mwingine, wote wanamshukuru. Mwaka wa 2004 watu fulani wa mji walikata mkono wa mmoja wa wale Wakongomani wa shaba. Walisema wataurudisha siku jamaa ya kifalme itaomba msamaha.