Marehemu Kardinali Laurean Rugambwa na Deni la Kijana wa Kariakoo

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mlioko madarasani leo,

Wengi wenu mtashangaa kuona kwamba mimi, Mwislamu wa Kariakoo niliyeanzia masomo yangu chuoni kwa maalim, nimechagua kuandika habari za kiongozi wa Kanisa Katoliki. Sababu ninayo, nami nitaieleza. Lakini kwanza yafaa tujue alikuwa nani, maana vijana wa leo wakisikia Kardinali Rugambwa humdhania Mwadhama Protase Rugambwa, aliyepewa ukardinali mwaka 2023. Huyu wangu ni Laurean, aliyemtangulia kwa miaka zaidi ya sitini.

Marehemu Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai, 1912, huko Bukongo, katika nchi ya Wahaya. Alibatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake, kwa hiyo alikuwa mtoto mwenye akili timamu, akijua anachokiingia. Alisoma Seminari ya Rubya, kisha akavuka mpaka kwenda Katigondo, Uganda. Alipata upadre mwezi Desemba 1943. Mwaka 1948 alipelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa, akarudi mwaka 1951. Mwezi Februari 1952 akawekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kupewa daraja hilo katika Kanisa Katoliki.

Kisha ikaja tarehe 28 Machi, 1960. Siku hiyo Papa Yohane wa 23 alimfanya kardinali, naye akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa ile kofia nyekundu katika zama zetu. Kumbukeni kwamba Tanganyika ilikuwa bado inatawaliwa na Waingereza. Kabla hatujawa na bendera yetu, mwana wa Bukoba alikuwa tayari miongoni mwa watu wenye kumchagua Papa. Na kweli alishiriki uchaguzi huo mara tatu: mwaka 1963, na mara mbili katika mwaka mmoja wa 1978. Alihudhuria pia Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, uliofungua njia ya ibada ya misa kusomwa kwa lugha za wenyeji badala ya Kilatini.

Mwezi Desemba 1968 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, kushika nafasi ya Askofu Mkuu Edgar Maranta, Mswisi wa shirika la Wakapuchini. Alitoka Bukoba, walikokuwa ndugu zake na lugha yake, akaja mji wa pwani wenye misikiti kila mtaa. Hapo ndipo habari yake inapokutana na yangu.

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa nazi sokoni Kariakoo, kabla ya jengo jipya la soko kufunguliwa mwaka 1975. Alitamani sana nisome sekondari, lakini aliogopa. Shule nyingi nzuri zilikuwa za misheni, naye alidhani mtoto wake akiingia huko atatoka na jina jingine. Ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Serikali ikazichukua shule za mashirika ya dini, isipokuwa seminari, na nafasi zikawa za watoto wote bila kuulizwa dini. Hata Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere mpaka alipoacha kazi mwaka 1955, ikawa ya Serikali. Shule yetu nayo ilikuwa katika hesabu hiyo. Mimi nikachaguliwa Kidato cha Kwanza, na baba akakubali.

Basi fikirini, ndugu zangu. Kardinali alikuwa hajamaliza hata mwaka mmoja na nusu katika jimbo lake jipya alipoona shule zilizojengwa kwa sadaka za waumini zikiondoka mikononi mwa Kanisa. Neno lake lilisikika Roma. Angeweza kuutia mji katika ugomvi. Sisi wa Kariakoo hatukusikia ugomvi. Nilikaa kwenye dawati lililonunuliwa na Wakristo, wala hakuna aliyenisimanga.

Nilimwona kwa macho yangu mara ya kwanza nikiwa Kidato cha Pili. Rafiki yangu mmoja Mkatoliki alinialika siku ya Krismasi. Tulitembea kutoka Kariakoo, tukapita Mnazi Mmoja, mpaka Kanisa la Mtakatifu Yosefu kule bandarini. Nilisimama nyuma karibu na mlango, tayari kukimbia. Akapita mtu mrefu, mwendo wake wa taratibu. Nilitazamia kuona mfalme. Nikaona mzee anayefanana na wazee wetu wa mtaani, wale wanaosikilizwa bila kupaza sauti.

Aliliongoza jimbo hilo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitatu. Mwezi Septemba 1990 alimpokea Papa Yohane Paulo wa Pili, na siku ya misa ya Jangwani tuliteremka pamoja na majirani zetu, Waislamu kwa Wakristo, kwenda kuangalia. Alistaafu Julai 1992, akamwachia kiti Askofu Mkuu Polycarp Pengo. Akafariki dunia hapa Dar es Salaam tarehe 8 Desemba, 1997, akiwa na umri wa miaka 85.

Alizikwa Kashozi, misheni ya kale kuliko zote za Bukoba, kwa muda tu, huku kanisa kuu la Bukoba likingojewa kukamilika. Kungoja huko kulichukua karibu miaka kumi na mitano. Mwaka 2012 ndipo mabaki yake yalipohamishiwa humo.

Deni langu ni hili. Kwa miaka yote ile, kutoka kwetu mpaka kwake palikuwa mwendo wa miguu usiofika saa moja, na sikwenda hata siku moja kumwambia ahsante. Nilijiambia mimi ni nani, na yeye ni mkubwa mno. Baba yangu alipofariki alikuwa bado ananiuliza kama nimekwenda.

Vijana, dawati unalokalia leo lina mtu aliyelitoa, au aliyekubali kuliachia. Mtafuteni angali hai. Mimi nimechelewa, ndiyo maana nimeandika.