Farabi, Mpimaji wa Mahadhi

Wasomaji wetu wengi wanalijua jina la Abu Nasri Muhammad Al-Farabi kwa upande wa falsafa. Wanavyuoni walimwita Mwalimu wa Pili, wa kwanza akiwa Aristotle, Myunani. Lakini leo namwacha Farabi wa mantiki, namtaka Farabi wa udi, kwani ni wachache waliofikiri kama yeye juu ya kazi ya kuyapima mahadhi ya mtu na kumwambia kweli yake.

Alizaliwa yapata mwaka 870 huko Farab, kando ya mto Sir Darya, nchi ambayo leo ni Kazakhstan. Akaishi miaka mingi Baghdad akitafuta elimu. Mmoja wa walimu wake wa mantiki, Yuhanna bin Hailan, alikuwa Mkristo, na jambo hilo halikumzuia kukaa mbele yake kama mwanafunzi.

Waziri Abu Jaafar al-Karkhi ndiye aliyemwomba aandike juu ya muziki, na hapo kikatoka Kitab al-Musiqa al-Kabir, yaani Kitabu Kikubwa cha Muziki. Vitabu vya waliomtangulia aliviona vina upungufu. Katika dibaji ameweka masharti matatu kwa mtu atakaye kuitwa mjuzi kamili wa elimu: azijue asili zake sawasawa; aweze kuyatoa yale yanayofuata asili hizo; na aweze kuyakabili makosa, azichambue rai za wengine, atenge njema na mbovu, tena aitengeneze iliyoharibika.

Sharti hilo la tatu ndilo zito. Wengi wetu hufika kwenye kutenga mbovu tukatua mzigo hapo.

Hapa Kimbo ninapokaa, upande wa Ruiru katika njia ya Thika, vijana huniletea mahadhi waliyoyatunga wenyewe, gitaa au kinanda cha umeme, yamerekodiwa katika simu na hayana neno hata moja. Mshairi akisikia mahadhi matupu, shauri linalomjia ulimini kwanza ni: yatieni maneno. Farabi naye aliona muziki uliotimia ni ule wa sauti ya binadamu na maneno yake, na ala ni msaidizi. Lakini alikuwa mwadilifu. Alikiri kwamba yako mahadhi ya Khurasan na Uajemi yaliyotungwa kwa ala peke yake, ambayo koo haliwezi kuyafuata. Mahadhi ya namna hiyo yapimwe kwa nyuzi na vidole, wala yasidaiwe vina na mizani. Wapenzi wa taarabu hawatashangaa, maana bashrafu hupigwa bila mwimbaji, na Unguja klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, huipiga. Wapo wasemao kwamba hata kanuni aliibuni Farabi. Hayo tuwaachie wenyewe.

Mwaka 942 alihamia Sham, akawa chini ya himaya ya Seif ad-Dawla, mtawala wa Halab. Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, amesimulia kisa cha barazani kwa mtawala huyo. Waliitwa wapigaji mahodari, na kila aliyepiga Farabi alimtoa kosa. Alipoulizwa kama yeye anaijua kazi hiyo, alifungua mfuko kiunoni, akatoa vijiti, akaviunga na kupiga. Watu wote wakacheka. Akavifungua, akaviunga kwa namna nyingine, wakalia. Mara ya tatu wakalala wote, hata bawabu, naye akaondoka zake.

Kisa kina chumvi, na mimi nakipenda. Ila kila nikisomapo huwafikiria wale wapigaji. Waliambiwa wamekosa, wakachekeshwa, wakalizwa, wakalazwa. Walipoamka aliyewakosoa hayupo, na namna ya kutengeneza hawakuonyeshwa. Kwa sharti lake mwenyewe, Farabi wa kisani alikuwa bado na deni kwao. Farabi wa kitabuni alilipa kwa kurasa mamia, akieleza udi, tanburi, nai na rababu, na mahali kidole kinapokaa katika kila uzi.

Inasemekana kwamba kwa mtawala alipokea dirhamu nne tu kwa siku, akatosheka. Alifariki Damascus mwezi wa Rajabu mwaka 339 Hijria, umri wake wapata miaka 80. Seif ad-Dawla mwenyewe alimsalia pamoja na watu wachache, akazikwa nje ya mji, karibu na Bab as-Saghir.