Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyesoma kwa masikio

Ngoja nikuulize jambo. Ukiwa ndani ya matatu kutoka Kitale kwenda Bungoma, simu mfukoni na vidude masikioni, huwa unasikiliza nini? Muziki? Mpira? Au ni ule uchambuzi wa tamthilia ambao mwenzako wa darasa aliurekodi akakutumia? Kama ni huo wa mwisho, pengine umeshaambiwa nyumbani kwamba unachezea simu badala ya kusoma. Ati kusoma ni kufungua kitabu, mengine yote ni porojo.

Kabla hujakubali, sikia habari za mwanamke mmoja. Hakujua kusoma wala kuandika. Lakini sauti yake iliuzwa madukani katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na mwaka aliokufa, Shaaban Robert mwenyewe alikuwa amemwendea ili ayaandike maisha yake. Jina lake ni Siti binti Saad, na karibu kila alichokijua kiliingia kupitia masikio.

Mtoto aliyeitwa Mtumwa

Siti alizaliwa karibu mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara, watu wa tabaka la watumwa, na mtoto wao akaitwa Mtumwa. Hebu fikiria kuitwa hivyo kila asubuhi ukitumwa kisimani. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka wa 1897, wakati yeye ameshakuwa msichana mkubwa. Lakini unajua vile mambo huwa: sheria hubadilishwa kwa siku moja, dharau huchukua miaka mingi. Jina la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alikuja kulipata baadaye, uimbaji ulipomtoa.

Kwao walikuwa wafinyanzi. Vyungu vikishachomwa, binti alivibeba na kuvitembeza akitafuta wateja, huku akiimba ili watu wajue yuko njiani. Ukipita leo soko la Kitale utawasikia wauzaji wa mitumba wakifanya vivyo hivyo, kila mmoja na wimbo wake wa bei. Sasa, sauti ya binti huyu ilisikika kutoka mbali, na wapo waliotoka nje kumsikiliza hata kama hawakuhitaji chungu.

Aliolewa, akapata mtoto, ndoa ikavunjika. Mwaka wa 1911 akafunga virago akahamia mjini Zanzibar. Alikuwa na miaka thelathini hivi, hana cheti, hana ukoo wa kumshika mkono. Wewe uliye na miaka ishirini na miwili unayedhani umeshachelewa kila kitu kwa sababu karo iliisha ukiwa kidato cha pili, hapo tulia kidogo.

Shule isiyo na daftari

Mjini alikutana na wanamuziki, wakamkubali na kumfundisha. Wakati huo taarab ilikuwa burudani ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeupenda muziki wa Misri hata akamtuma mtu huko akajifunze. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, na waliokaa mbele kusikiliza hawakuwa akina yahe wa Ng'ambo.

Mtu asiyejua herufi angejifunzaje nyimbo za Kiarabu? Njia ilikuwa moja tu: kuambiwa, kurudia, kusahihishwa, kurudia tena. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Siti lilikuwa kichwani, na lilikuwa na kurasa nyingi. Aliweza kusoma Kurani kwa moyo, akaimba Kiarabu, na baadaye akaimba hata Kihindi.

Kama wewe ni kijana wa Bungoma, njia hii si ngeni kwako. Mpigaji wa litungu hajifunzi nyuzi zile saba kwa kusoma kitabu. Huketi karibu na anayejua, akasikiliza, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Mzee anayetoa kumuse kwenye matanga ya Kibukusu husimama saa nyingi akitaja asili ya koo, vita vya zamani na maadili ya jamii, bila karatasi mkononi. Hakuna anayethubutu kusema mzee huyo hakusoma. Mbona basi useme hivyo kuhusu kijana anayejifunza kwa sauti?

Ila angalia vizuri. Siti hakusikiliza tu huku akipika au akisinzia. Alirudia kwa sauti mpaka ikakaa. Alikuwa na mtu wa kumwambia hapo umekosea. Na alitaka kujua maana, kwa sababu huwezi kuimba huzuni usiyoielewa. Ukibonyeza sauti ya somo la Biolojia kisha ukaanza kuchati, usijilinganishe na Siti. Wewe uko kwenye matatu tu.

Taarab yashuka kwa watu

Akiwa na wenzake, wakiwemo Subeti, Buda, Mbaruku na Maalim Shaaban, Siti alifanya kitu kilichobadilisha muziki wa pwani. Aliiimba taarab kwa Kiswahili. Ghafla mchukuzi wa bandarini na mama muuza samaki wakaelewa kila neno. Watu walianza kujaa nyumbani kwake usiku kusikiliza, na mwanamke yule aliyezaliwa akiitwa Mtumwa akaitwa kuimba hata mbele ya Sultani.

Waliomwonea wivu hawakukosekana. Walimcheka kwa sura yake na kwa alikotoka. Yeye akawajibu kwa wimbo, akiwaambia kwa heshima kwamba sura si kitu kama kichwa hakina kitu. Basi, kesi ikaisha.

Bombay, 1928

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walipanda meli wakavuka bahari hadi Bombay, India, kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwenye santuri.

Usifikirie studio za leo. Sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye sahani ya nta. Hakukuwa na kukata kipande na kubandika kingine. Ukikosea neno moja, mnaanza upya wote. Tena upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi, ilhali taarab ya ukumbini inaweza kuendelea mpaka chai ipoe. Fikiria kazi hiyo kwa mtu asiyeweza kusoma maneno kwenye karatasi. Lakini ndipo daftari lake la kichwani lilipomfaa. Maneno yote yalikuwa pale pale, hayakuhitaji taa wala miwani.

Santuri zilirudi Afrika Mashariki zikauzwa kwa maelfu. Kampuni nyingine zikaanza kuwatafuta waimbaji wa Kiswahili. Na hapa ndipo habari hii inapokuja karibu na mfuko wako wa suruali. Gramafoni ya kubebeka ilikuwa sanduku lenye kishikio, na pembeni mkono wa kuzungushia springi. Haikutaka umeme. Popote mtu angeweza kubeba sanduku, hapo sauti ilifika. Reli ilikuwa imeshafika Kitale tangu 1926, na miaka hiyohiyo njia ya kuelekea Uganda ikawa inajengwa kupitia Bungoma. Kwa mara ya kwanza, sauti ya mtu iliweza kusafiri kama gunia la mahindi, ikateremshwa stesheni, na ikazungumza.

Ushahidi kwamba sauti hizo zilifika mbali hata bara tunao. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo kuhusu Chemirocha. Huyo Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933 na ambaye hakuwahi kukanyaga Kenya. Walikuwa wameisikia sauti yake kwenye gramafoni, wakaisikiliza, wakaigeuza ikawa yao, na jina lake wakalipa sura ya Kikipsigis.

Santuri iliyozungumza kesi

Santuri moja ilisikilizwa na watu wengi. Mwenye mkahawa aliiweka, wateja wakanyamaza, na ikiisha wakaanza kubishana. Walibishana kuhusu nini? Siti hakuimba mapenzi peke yake. Aliimba habari za mjini: wakubwa wanaoonea wadogo, wanaume wanaopiga wake zao, haki inayopinda mahakamani. Wimbo unaokumbukwa sana ni Kijiti. Ulihusu mwanaume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka bara kisha akatoroka, huku wanawake waliojitokeza kueleza yaliyotokea wakiadhibiwa wao. Kesi ile ingeweza kufukiwa ndani ya faili ikasahaulika. Kwa kuwa iliimbwa na kurekodiwa, watu wasiojua kusoma hukumu waliijua, wakaijadili, na mpaka leo tunaijua.

Hapo kuna somo ambalo simu yako haitakuambia yenyewe. Rekodi haijibu swali na haikusahihishi. Inarudia kosa lako kwa upole mpaka kesho. Wale wa mkahawani waliijazia pengo hilo kwa kusikiliza pamoja na kubishana. Shule zilipofungwa Machi 2020 na masomo ya KICD yakarushwa kwenye redio za KBC, mwenye wa kumuuliza baada ya kipindi alikuwa na bahati kuliko aliyesikiliza peke yake. Kwa hivyo wewe na wenzako watatu pale Kiminini, Kimilili au Kanduyi, sikilizeni sauti moja ya somo kwa spika ndogo, mzime, kila mmoja aeleze alichosikia, mbishane, kisha muiwashe tena mwone nani alikosea. Si lazima bando. Kadi ya memori na kabambe inayocheza sauti vinatosha.

Sikio likazaa sikio

Kulikuwa na msichana mwingine wa Unguja aliyekuwa akimsikiliza Siti, akizishika nyimbo zile moja moja. Alikuja kujulikana kama Bi Kidude. Aliimba mpaka uzeeni kabisa, katika nchi nyingi, na alipofariki Aprili 2013 alikuwa bado anaimba nyimbo alizozipata kwa Siti. Muuza vyungu alijifunza kwa sikio, sauti yake ikaingia sikio la mwingine, na karne nzima karibu ikapita bila uzi kukatika.

Siti alifariki Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo, Shaaban Robert alikuwa amekaa naye akamsikiliza. Ona vile mambo yaligeuka: mwandishi mkubwa wa Kiswahili ndiye aliyekuwa mwanafunzi, na mwanamke asiyejua herufi ndiye aliyekuwa akifundisha. Wasifu wa Siti binti Saad ulitoka mwaka wa 1958. Miaka thelathini baadaye, chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake, kililiita Sauti ya Siti.

Lakini jiulize: kama Shaaban Robert angechelewa mwaka mmoja? Nyimbo zingebaki kwenye santuri, ila simulizi ya maisha yake, kwa mdomo wake, ingezikwa naye.

Sasa turudi kwenu. Yule mzee anayejua kumuse kijijini kwenu ana miaka mingapi? Na nyanya yako anayejua kwa nini ukoo wenu ulihamia Trans Nzoia, na nani alikuwa na shamba lile kabla yenu? Bungoma na Kitale kuna watu wengi ambao ni maktaba nzima bila kitabu hata kimoja, na simu iliyo mkononi mwako inarekodi vizuri kuliko mtambo aliovukia bahari Siti. Omba ruhusa kwanza, kwa adabu, maana maneno ni yao na si kila neno la matanga ni la kusambazwa. Ukikubaliwa, weka simu karibu, uliza swali moja, kisha nyamaza. Andika jina la msemaji, mahali na tarehe. Hifadhi nakala mbili, moja nje ya simu, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini.

Halafu fanya kama Siti: irudie, uliza usichoelewa, irudie tena mpaka uweze kuisimulia mwenyewe bila simu. Siku hiyo, akitokea mtu wa kukuambia kwamba hukuwa unasoma, msimulie ulichokisikia kutoka mwanzo mpaka mwisho.