Bruda Laurent, Mpishi wa Wakarmeli

Wako Wakristo wengi wadhanio kwamba utulivu wa moyo hupatikana kanisani tu, na kwamba mama aliye jikoni, moshi machoni na mtoto mgongoni, hana budi kuungoja hata kazi ziishe. Nao wajua kazi haziishi. Kwa hiyo yafaa tumkumbuke Bruda Laurent wa Ufufuko, ambaye hakupata kuwa padre, na aliyekaa miaka 15 hivi kati ya masufuria.

Jina lake la kwanza ni Nicolas Herman. Alizaliwa yapata mwaka 1614 kijijini Hériménil, nchi ya Lorraine, ambayo siku zile haijawa ya Ufaransa. Akiwa na umri wa miaka 18 aliona mti uliopukutika majani wakati wa baridi, akawaza jinsi utakavyochipua na kuchanua tena. Na wazo hilo la uwezo wa Mungu halikumtoka kamwe. Akawa askari katika Vita vya Miaka Thelathini, akajeruhiwa. Akajaribu kuishi upwekeni kama mkaa-pweke, asiweze. Akawa mtumishi wa bwana mmoja mkubwa, naye mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa mzito wa mikono, akivunja kila kitu.

Mwaka 1640 akapokelewa na Wakarmeli mjini Paris. Alitazamia kwamba huko atachunwa ngozi kwa uzito wake huo. Wakampa jiko, kazi aliyoichukia mno kwa maumbile yake.

Tusidhani kwamba alitulia mara moja. Kwa miaka kumi hivi roho yake iliteswa vikali. Dhambi zake zilimsonga, akaamini kwamba amepotea milele. Saa za sala zilipita akifukuza mawazo, nayo yakirudi. Mwishowe akakata shauri: mateso hayo yakidumu hata kufa, na yadumu, yeye atatenda kila jambo kwa kumpenda Mungu tu. Ghafula moyo ukatulia.

Hakuwa na njia ya siri. Alianza kazi kwa kumwomba Mungu neema, akaendelea akizungumza naye. Kazi ikiisha vizuri alishukuru, na akikosa aliomba msamaha, akashika tena kazi bila kufadhaika. Yai kaangoni aligeuza kwa upendo wa Mungu. Watu kadhaa walipomwita pamoja, huyu akitaka hiki, huyu kile, alikuwa mtulivu sawasawa na apigapo magoti mbele ya Sakramenti Takatifu. Alitumwa Burgundy kununua divai, naye alikuwa kilema wa mguu. Chomboni aliweza kusogea kwa kujiviringisha juu ya mapipa tu. Hakuhangaika, na divai ikapatikana vema.

Baadaye alihamishiwa kazi ya viatu vya watawa. Fénelon, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Cambrai, alimtembelea katika ugonjwa mkali akamkuta mchangamfu. Alifariki tarehe 12 Februari 1691.

Padre Joseph de Beaufort alikusanya mafundisho na barua zake, akazichapisha 1692 na 1694. Leo zasomwa katika lugha nyingi, na Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Katika mojawapo Bruda alikuwa amekubali kuandika kwa sharti moja: barua hiyo asionyeshwe mtu yeyote.