Abraham Block: Kutoka magodoro ya nyasi hadi hoteli kuu za Nairobi

ANAYETOKA Kitisuru na kupitia Westlands kuelekea katikati ya jiji la Nairobi hayuko mbali na Barabara ya Harry Thuku, ilipo Norfolk, hoteli iliyofunguliwa Desemba 25, 1904. Miongoni mwa walioiwezesha kudumu zaidi ya karne moja ni marehemu Abraham Block.

Block alizaliwa mwaka wa 1883 nchini Lithuania, iliyokuwa chini ya milki ya Urusi, katika jamii ya Wayahudi walioandamwa na dhuluma. Alihamia Afrika Kusini, kisha akawasili Nairobi mwaka wa 1903, mji ukiwa bado wa mabati na matope.

Husimuliwa kwamba Mayence Bent, aliyeanzisha hoteli ya Stanley mwaka wa 1902, alikuwa na vitanda vya chuma visivyo na magodoro. Block alitafuta kitambaa na fundi cherehani, akashonesha magodoro na kuyajaza nyasi kavu. Mapema hivyo alikuwa ameng'amua jambo ambalo wenye hoteli wengi husahau: mgeni haipimi hoteli kwa lango lake tu, bali kwa kile kinachougusa ubavu wake usiku.

Stanley ya awali, iliyokuwa katika barabara iitwayo leo Tom Mboya, iliteketea mwaka wa 1905. Hoteli hiyo ilihama, na mwaka wa 1913 ikapata jengo katika makutano yanayojulikana sasa kama Kenyatta na Kimathi.

Block aliitwaa Norfolk mwaka wa 1927, na mwaka wa 1947 akainunua New Stanley, hoteli ileile iliyohitaji magodoro. Anunuaye jengo kuukuu hununua pia paa lake, mabomba yake na nyaya zake za umeme. Ndiyo maana matengenezo hayapimwi kwa rangi mpya ukutani. Hupimwa kwa muda unaopita tangu hitilafu iripotiwe hadi irekebishwe, kwa kumbukumbu za ukaguzi, na kwa kiasi cha kazi inayofanywa kabla ya kitu kuharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sifa hizo hazikuwa za tajiri peke yake. Waliofua shuka, kusugua sakafu na kubeba maji walikuwa Waafrika ambao, kwa ubaguzi wa enzi ya ukoloni, hawakuruhusiwa kulala katika vyumba walivyovitunza. Historia ya hoteli hizi isiyowataja ni pungufu.

Block aliaga dunia mwaka wa 1965. Wanawe, Jack na Tubby, waliiendeleza biashara hiyo, ingawa New Stanley iliuzwa kwa kampuni ya Sarova mwaka wa 1978. Mtihani mkali ulifika Desemba 31, 1980, bomu lilipolipuka Norfolk na kuwaua watu wapatao 20. Sehemu ya jengo iliporomoka, lakini ikajengwa upya.

Kwa wanaofungua hoteli leo kwa hafla na vigelegele, maisha ya Block ni funzo. Utepe hukatwa siku moja. Bomba linalovuja, lifti inayokwama na godoro lililobonyea hutaka uangalizi kila siku, na humo ndimo hoteli huishi au hufia.