Siti binti Saad: Sauti, Sura na Mashabiki

Jina la Siti binti Saad si geni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Aghalabu hutajwa katika historia ya taarab, kisha likatajwa tena katika orodha ya kazi za Shaaban Robert. Katika kutajwa huko, jambo moja hupitwa haraka mno, nalo ni jinsi umma uliompenda ulivyokuwa ukimtazama. Siti ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki waliopata mashabiki wasiowahi kuwaona. Maswali ambayo leo huulizwa kuhusu usawiri wa mwanamke katika vyombo vya habari yalikwisha kumfika yeye kabla ya redio kuenea pwani.

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake Mzigua, na ukoo wao ulikuwa wa tabaka la watumwa. Mtoto huyo wakamwita Mtumwa. Alipokuwa msichana wa miaka 17 hivi, katika mwaka 1897, hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar. Lakini amri ya serikali ni jambo moja na ndimi za watu ni jambo jingine. Shule hakuipata. Alichokipata ni ufinyanzi aliojifunza kwa mama yake, akawa anafinyanga vyungu, anavichukua mjini kwa miguu na kuvinadi kwa kuimba. Sauti hiyo ilimtangulia njiani, wanunuzi wakimsikia kabla ya kumwona. Yaelekea hali hiyo ya kusikika kwanza na kuonekana baadaye haikumwacha maisha yake yote.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Humo alifunzwa kuimba na kupigiwa ala, akajifunza pia kusoma Kurani na kutamka Kiarabu kwa ufasaha. Ikumbukwe kwamba taarab ya wakati huo ilikuwa mali ya jumba la kifalme. Ililetwa kutoka Misri zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ikaimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji wake walikuwa wanaume. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoundwa 1905, nayo ilikuwa ya wanaume. Siti aliingia katika sanaa hiyo akiwa na kasoro tatu machoni mwa waungwana: alikuwa mwanamke, alitoka shamba, na wazazi wake walikuwa na asili ya utumwa. Mtu huyohuyo aliyeitwa Mtumwa sasa akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Ni nadra jina kupanda ngazi ndefu kiasi hicho katika umri wa mtu mmoja.

Kundi lake lilikuwa na mafundi hodari, akiwamo Subeti bin Ambari na Mbaruku Effandi Talsam, kipofu aliyetoka Mombasa. Waliimba mbele ya Sultani, waliimba katika majumba ya matajiri wa Kiarabu na Kihindi, na usiku huko Ng'ambo walikusanyikiwa na wachukuzi, wapishi na wanawake wa mitaani. Jambo lililowaunganisha wasikilizaji hao wote ni lugha. Siti aliimba kwa Kiswahili, na mtu aliyekuwa akiitikia taarab kwa adabu tu bila kuielewa sasa akaelewa kila neno.

Umaarufu ukaleta husuda. Wapinzani wake walitunga wimbo wa kumsimanga, wakimkumbusha kwamba alitoka shamba akiwa na kaniki, na kwamba pasipo sauti asingekuwa na chakula. Wimbo huo ungali unajulikana, na ajabu yake ni kuwa unakiri kipaji chake katika pumzi ileile ya kumtukana. Walimcheka pia kwa kukosa uzuri wa sura. Naye hakunyamaza, alijibu kwa wimbo, akieleza kwamba uzuri wa uso si hoja, na kwamba aibu ya mtu ni kukosa akili. Mwanamume mwenye sauti kama ile hangeulizwa habari ya uso wake. Siti aliulizwa, na jibu lake lilikuwa la msanii aliyejua thamani ya kazi yake.

Mwaka 1928 kundi hilo lilisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Safari nyingine zilifuata. Gramafoni ikaifikisha sauti ya Siti katika mikahawa na nyumba za pwani nzima, kwa watu ambao hawakuwa na habari ya Fumba wala vyungu. Sahani ya santuri haina uso. Msikilizaji wa Lamu au Mombasa hakuwa na sura ya kuihukumu wala kaniki ya kuicheka. Alikuwa na sauti na maneno, basi.

Na maneno hayo yalibeba mengi. Katika wimbo wa Kijiti, Siti alisimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyebakwa na kuuawa Unguja. Mwuaji alitorokea bara, ilhali wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliogeuziwa kibao na kuadhibiwa. Hapa mwanamke hakusawiriwa kama pambo la mapenzi, ambavyo ndivyo nyimbo nyingi za taarab zilivyomsawiri na zinavyoendelea kumsawiri. Alisawiriwa kama mtu aliyedhulumiwa mara mbili, kwanza na mhalifu na kisha na hakimu. Kwa wasikilizaji wa Ng'ambo, ambao serikali ya kikoloni haikuwasikiliza, wimbo huo ulikuwa gazeti na rufaa kwa pamoja.

Siku zake za mwisho alitembelewa na Shaaban Robert, akamsimulia maisha yake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wasifu wake ulichapishwa mwaka 1958, nao ni miongoni mwa kazi za mwanzo za Kiswahili kumfanya mwanamke wa tabaka la chini kuwa mhusika mkuu wa kitabu kizima. Hata hivyo, msomaji makini ataona kwamba Shaaban Robert, kama ilivyo desturi yake, anampendelea Siti aliye kielelezo cha subira na maadili. Siti wa majibizano, mwenye ulimi mkali na kejeli tamu, inafaa atafutwe katika nyimbo zenyewe.

Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Bi Kidude naye, aliyejifunza uimbaji kwa kumsikiliza Siti, alizichukua nyimbo zake akazipeleka katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Hadi uzeeni, kabla ya kufariki Aprili 2013, alikuwa bado akiimba kisa cha Kijiti.